Njuka Si Fala

Wasee, tuelewane: njuka na fala hawafanani. Fala ameonyeshwa kazi akakataa kushika. Njuka hajaonyeshwa. Ndio ameingia tu, mikono bado haijazoea, na kumwita fala ni kumkosea heshima.

Wengi walipewa hilo jina haiskuli, wakiingia Form One na sanduku jipya. Njuka, ama mono: unachoteshwa maji, unatandikia msee mwingine kitanda, shopping yako inaisha wiki ya kwanza. Form One ya mwisho iliingia Januari 2024, na huo uonevu ungeishia hapo hapo. Neno lenyewe libaki, mtaani bado lina kazi.

Ingia gereji za Grogan pale Nairobi uone. Buda anaitisha spana 14, njuka analeta 17, anarudishwa. Anaosha spea na petroli. Anashika tochi akicheki vile giaboksi inashushwa, boliti gani inatoka kwanza, gani inaachwa mwisho. Hapo ndio darasa. Kwa mathree utamjua na chenji: ameshika fare ya gari mzima na hajui nani anamdai. Gikomba kwa mitumba ni noma zaidi, juu hapo njuka anasoma na ganji yake. Wenye rada wamefika mapema, belo likifunguliwa wanachagua kamera, zile nguo safi kabisa. Yeye anakuja jua likiwaka, anauziwa fagia, yale mabaki, na bei ya kamera.

Chenye inaniuma ni mabuda wanaotaka msee abaki njuka milele. Miaka inaenda, kijana anashusha injini peke yake, lakini mwenye ndai akiuliza anaambiwa, "Huyo ni njuka tu." Jioni anapewa ya dishi na fare. Hilo sasa ni jina la kumnyima mtu doh yake. Ukimwita msee njuka, umekubali kumwonyesha kazi, na ukimaliza kumwonyesha umlipe kama fundi.

Na wewe njuka, uliza maswali, hata wakikucheka. Ukishashika kazi, usingoje buda akuvue hilo jina. NITA, wale wa serikali wa mafunzo ya kazi, wako na mtihani wa ufundi, Gredi ya Tatu ikiwa ya chini na ya Kwanza ikiwa juu. Hata kama kazi uliijulia chini ya ndai bila kukanyaga koleji, unaweza kuufanya. Ukipita, mnaanza kubonga bei upya.