Fuga, swila: kuwataja nyoka wa kizimbani
Kitenzi fuga hakibagui nyoka: mfugaji wa nyoka ni Kiswahili fasaha, ijapokuwa msomaji wa Jorodom, mkoani Manyara, atawaza ng'ombe kwanza. Katika bustani ya nyoka ya Meserani, magharibi ya Arusha, majina koboko, swila na kifutu yanajitosheleza. Shida huanza kwa nyoka wa Asia. Ophiophagus hannah, alaye nyoka wenzake, si wa jenasi Naja walimo swila wetu, wala hana jina la Kiswahili lililozoeleka. Mfasiri akiandika «swila» tu kwenye kibao cha kizimba, kisha mtunzaji akaumwa, tabibu aweza kumchoma dawa ya sumu ya swila wa Afrika, isiyomfaa. Hata swila wa India, aliye Naja kamili, ataka dawa ya kwao. Basi kibaoni jina la kisayansi lisiachwe, na bara alikotoka nyoka litajwe.