Sera Ukutani, Nyapara Shambani

Februari 2023, BBC ilirusha uchunguzi wake kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, nchini Kenya. Wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay, walieleza walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mmoja alisema aliambukizwa virusi vya Ukimwi na msimamizi aliyemshinikiza kulala naye.

Tukio moja katika uchunguzi huo linastahili kutazamwa kwa makini. Mwandishi aliyejifanya mtafuta kazi alihudhuria siku ya kuwakaribisha wafanyakazi wapya kwenye shamba lililokuwa la Unilever. Meneja akasimama, akawaeleza kwamba kampuni haivumilii kabisa unyanyasaji wa kingono. Jioni hiyo meneja huyohuyo alimwita mwandishi huyo kwenye baa ya hoteli, akamsumbua kingono na kumshinikiza waende nyumbani kwake.

Sera, basi, ilikuwepo. Unilever iliiweka baada ya kukabiliwa na madai kama hayo zaidi ya muongo mmoja kabla, pamoja na utaratibu wa kupokea malalamiko.

Shida ilikuwa mahali pengine. Shambani, nyapara ndiye anayeamua nani aandikwe kazi, nani apelekwe kwenye palizi ya kuvunja mgongo na nani apewe kazi nyepesi. Mwandishi huyo alipoomba aondolewe kwenye palizi, msimamizi alimtaka ngono kwanza. Mwenye watoto wanaosubiri karo hahitaji kutishwa kwa maneno; anajua kibarua kimo mkononi mwa nani. Kumwambia mama huyo "toa taarifa kwa mkubwa wako" ni kumrudisha kwa mtu yuleyule, au kwa rafiki yake.

Sheria nazo hazikukosekana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera baada ya kushauriana nao, ieleze jinsi ya kulalamika na ilinde jina la mlalamikaji. Tanzania, kwa mwaka huohuo, iliifanya rushwa ya ngono kuwa kosa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, unakwenda mbali zaidi: unamlinda hata anayetafuta kazi, na unahesabu makazi yanayotolewa na mwajiri kuwa sehemu ya mazingira ya kazi. Hayo ni mambo ya msingi mno kwa watu wanaolala kwenye nyumba za kampuni.

Lakini nani wa kuilazimisha kampuni itii sera yake yenyewe? Jibu moja la kutia moyo limetoka Lesotho. Mwaka 2019 ilibainika kwamba katika viwanda vya nguo vya kampuni ya Nien Hsing, vilivyoshona jinzi, wasimamizi waliwadai wanawake ngono ili waongezewe mikataba ya kazi. Safari hii kampuni haikuachiwa ijisimamie. Vyama vitatu vya wafanyakazi na mashirika mawili ya kutetea wanawake viliketi mezani na wanunuzi wakubwa, wakiwemo Levi Strauss na Kontoor Brands, mmiliki wa Wrangler na Lee, wakasaini makubaliano yenye meno. Kikaundwa chombo huru cha kuchunguza malalamiko, nje kabisa ya ofisi za kiwanda. Chombo hicho kikiamua msimamizi afukuzwe, kiwanda hakikuwa na hiari. Kiwanda kikivunja makubaliano, wanunuzi wangepunguza oda.

Mwajiri anayetaka kuipima sera yake aanze na swali hili: mlalamikaji akimtaja bosi wake leo, faili litafunguliwa na nani, na nani atapanga kazi yake kesho asubuhi?