Fika Kabla Mahindi Hayajaanuliwa

Siku nyingi za mwaka, ikikaribia saa saba mchana, mama wa Nyamache, kwenye milima ya Gusii, hutoka nje, hutazama magharibi kuliko na Ziwa Victoria, kisha huanza kuanua. Mahindi yaliyotandazwa juu ya turubai hukusanywa, nguo hutolewa kambani, ndama husogezwa karibu na nyumba. Jua bado linawaka. Mgeni aliyetoka Nairobi na trela nyuma ya gari lake huliona jua hilohilo, akafurahi, akaanza kusimamisha hema juu kabisa ya kilima, chini ya mkaratusi mrefu, kwa sababu pana kivuli na macho yanafika mbali. Saa tisa mvua inamkuta humo ndani na watoto wake.

Nimeliona jambo hili zaidi ya mara moja, na kila mara moyo hunidunda. Familia zenye gari la kuvuta zimeanza kupenda safari hizi: trela dogo lenye hema, jiko, godoro na mtungi wa maji, na barabara mbele yao. Ni jambo jema. Nyanda za juu za Gusii zinastahili wageni. Lakini milima hii ina ratiba yake, na takriban kila kinachomuokoa msafiri hapa hufanywa mapema: kabla ya mteremko kuanza, kabla ya wingu kukomaa, kabla ya usiku kuingia. Ukishachelewa, huna la kurekebisha katikati.

Tuanze na barabara. Anayetoka Nairobi kwa njia ya Narok hushuka kwanza ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, barabara ambayo wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliijenga, wakaacha kando yake kanisa dogo la mwaka 1942 ambalo lipo hadi leo. Baada ya Narok hupanda kuelekea Bomet, Sotik na Keroka, na akiiacha barabara kuu kuingia Bobasi hukutana na vilima vilivyopangana kama mawimbi: unapanda, unashuka, unapinda, unapanda tena, chai kulia na migomba kushoto. Kupanda huchosha injini tu. Katika kimo cha mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa, kwa hiyo gari lisilo na tabo huhema na kupata joto. Ukiona sindano ya joto inapanda, egesha, fungua boneti, ngoja. Hapo hujapoteza ila dakika 20.

Kushuka ndiko kunakoua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10 za barabara, trela la tani 1 linalisukuma gari lako kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 100. Halichoki, halipumziki. Dereva anayeshuka akitegemea breki peke yake anageuza msukumo huo kuwa joto, na joto hilo linabaki kwenye magurudumu. Baada ya kilomita kadhaa utasikia harufu kama ya mpira unaoungua. Ukiendelea, mafuta ya breki huchemka na kuingiwa na mapovu, kisha kanyagio linazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Mwendo ukiongezeka maradufu, kazi ya kulisimamisha gari huongezeka mara nne, kwa hiyo anayeshuka kwa kilomita 80 kwa saa hayuko katika hatari mara mbili ya anayeshuka kwa 40. Yuko mbali zaidi ya hapo.

Dawa yake inajulikana na kila dereva mzee wa lori: gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Ishushe gia ungali kileleni, gari likiwa polepole, uiache injini ilizuie trela. Breki uikanyage kwa vipindi, kwa nguvu kisha uiachie ipoe. Usingoje mwendo ukushinde ndipo utafute gia nzito, maana hapo huenda isiingie, na ukiikosa unabaki bila gia yoyote.

Kuna uovu mmoja wa barabarani ninaotaka kuutaja waziwazi, nao ni kutoa gia mteremkoni ili kubana mafuta. Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ilipata jina baya kwa ajili ya mchezo huo. Wenye magari madogo nao wameuiga. Ni kosa hata kwa mfuko: injini za kisasa, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondoka kwenye kanyagio la mafuta, hukata mafuta karibu yote zenyewe. Unahatarisha watoto wako kwa kuokoa kitu ambacho hukuwa unakitumia. Na kila anayepita njia panda ya Londiani akumbuke jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena liliposhindwa kudhibitiwa likawavamia abiria, wachuuzi na wahudumu wa boda boda waliokuwa kando ya barabara. Watu 52 walifariki. Baadhi yao hawakuwa safarini. Walikuwa wanauza bidhaa zao.

Trela hupangwa kabla ya kuondoka nyumbani. Vitu vizito, mtungi wa maji na jenereta, vikae chini na mbele kidogo ya ekseli, ili kama sehemu 10 hadi 15 kwa mia ya uzito wote ilale kwenye ndoano ya gari. Ukijaza mkiani, trela huanza kutikisa kiuno, kwanza taratibu, kisha kwa hasira. Likianza, usikanyage breki kwa nguvu na usipigane na usukani. Ushike usukani ukiwa umenyooka, toa mguu kwenye mafuta, liache litulie. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela, ili ndoano ikikatika mkono huo uangukie minyororo badala ya kujichimbia kwenye lami. Taa za trela zijaribiwe, mtu mmoja nyuma na mwingine kwenye breki. Namba yake ya usajili, ile inayoanza na herufi Z, ionekane.

Halafu jiwe. Tanboi wa malori ya Gusii wana ustadi ambao sijauona ukifundishwa popote: lori likisimama mlimani, kabla hata dereva hajazima injini, tanboi keshashuka na jiwe au kabari ya mti iko chini ya tairi. Mwenye trela la kambi aige hilo bila aibu. Kabari kwanza, pande zote mbili za tairi, ndipo ulifungue trela kutoka kwenye gari. Aliyeanza kufungua atalikimbilia trela lake hadi kwenye shamba la jirani, akiwa na bahati.

Giza likiingia, usiwe barabarani. Kutoka upande wa Trans Mara, karibu na kiwanda cha sukari cha Enoosaen, matrekta huvuta miwa usiku na mchana, mengine trela zake hazina taa hata moja nyuma. Lililoharibika huachwa barabarani na matawi machache ya majani yakiwa ndiyo onyo pekee. Ongeza boda boda, Probox zilizojaa hadi kwenye buti, na watoto wanaotoka shule wakitembea ukingoni kwa kuwa njia ya miguu haipo. Barabara hizi ni uwanja wa watu wote, na wewe mwenye mkia mrefu ndiwe unayepaswa kungoja.

Sasa mahali pa kulala. Gusii si pori. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,260,000 katika Kaunti ya Kisii peke yake, eneo dogo la kilomita za mraba zisizozidi 1,400. Maana yake hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Kilima unachokipenda ni malisho ya mtu, na msitu ule ni akiba ya kuni za mtu. Mtafute mwenye shamba, msalimie, ueleze shida yako, kisha chifu au mzee wa kijiji ajue kwamba kuna wageni na watalala wapi. Ukifanya hivyo utalindwa, na huenda ukaletewa mboga ya chinsaga na ugali wa wimbi jioni. Usipofanya, taa yako usiku itawatia watu wasiwasi, na kosa litakuwa lako.

Mwenyeji pia atakuambia jambo ambalo ramani ya simu haijui: maji hupita wapi. Maeneo tambarare kando ya mto huvutia kwa sababu trela hukaa sawa. Yaache. Mto Gucha na vijito vyake hujaa kwa mvua iliyonyesha vilimani mbali, wakati juu yako kukavu. Huko jirani, Maasai Mara, mto Talek ulivunja kingo zake tarehe 1 Mei 2024, kambi kadhaa zikazama na watalii wakaokolewa kwa helikopta. Katika hifadhi ya Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba korongoni mwaka 2012, na wengine saba mwaka 2019. Mara zote mbili walikuwa watu wa matembezi, waliotoka nyumbani wakicheka.

Basi bondeni hapafai. Na kileleni je? Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe la Nyamache, yaani radi.

Hewa yenye unyevu hutoka ziwani mchana, hupanda milima ya Gusii, hukutana na upepo wa mashariki, na kufikia alasiri mawingu yamekuwa minara. Ndiyo sababu chai inasitawi hapa, na ndiyo sababu hapa ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi sana. Wapo wanaosema radi hutumwa na adui. Sisemi nao kwa dharau, maana waliozika wapendwa wao hutafuta maelezo. Lakini radi haichagui mtu. Inatafuta kilichoinuka: mti uliosimama peke yake, kichwa cha mchungaji uwandani, nguzo ya hema kwenye kilele. Mkaratusi, ambao Gusii imeupanda kila mahali, huinuka kuliko vyote vinavyouzunguka, na hata bila radi hudondosha matawi makubwa kwenye upepo. Aliyelala chini yake amelala chini ya hatari mbili.

Hema halikingi radi, liwe la bei gani. Nguzo zake ni za chuma na ngozi yake ni kitambaa. Trela lenye kuta za plastiki ngumu halikingi pia. Kinachokinga ni gari lenye bodi na paa la chuma: umeme hupita nje ya bodi na kuingia ardhini, na aliyeketi ndani, madirisha yamefungwa, mikono mapajani, husalimika. Nyumba imara ya matofali yenye kinga ya radi ni bora zaidi. Kibanda cha nguzo na mabati kisicho na kuta, kama vile vinavyotumika kukusanyia majani ya chai, hakitoshi, wala jengo lolote lisilo na kinga ya radi si la kuaminiwa kwa sababu tu lina paa: mwaka 2011, katika shule ya Runyanya nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 walipokuwa darasani.

Hesabu ni hii. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Usipofika 30, radi iko karibu vya kutosha kukuua, kwa hiyo watoto waingie garini wakati huohuo, sufuria ibaki motoni. Mkae humo hadi zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, si ya mwisho mliyodhani. Wengi hupigwa mvua ikiwa imekwisha, wamekwenda kuangalia ng'ombe au kukaza kamba za hema.

Akipigwa mtu, mguse. Imani ya kwamba mwili wake una umeme na utamuua anayemshika imewanyima uhai watu ambao wangepona. Mwili hauhifadhi umeme. Asipopumua na moyo ukiwa umesimama, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akiita msaada. Moyo uliosimamishwa na radi mara nyingi huweza kuamka, iwapo kuna aliyeusaidia mapema.

Baada ya mvua huja baridi, na baridi huleta kosa la mwisho, ambalo ni la kimya. Jiko la makaa huingizwa ndani ya hema au ya trela, zipu hufungwa, watoto hulala kwa raha. Makaa yale hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kichwa huanza kuuma, usingizi unakuwa mzito, na asubuhi haamki mtu. Jiko libaki nje, hata kama limebaki jivu jekundu tu. Badala yake beba blanketi la ziada kwa kila mtu, nguo kavu zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki, na maji ya moto kwenye chupa ya kulala nayo. Maharage yachemshwe nyumbani: kwenye kimo hiki maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 94, na utakesha ukiyangoja.

Kwa hiyo ondoka Nairobi alfajiri, au ulale njiani Narok. Saa saba ikikukuta Keroka bado, lala Keroka. Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Ziandike kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa trela, watoto wazisome na wazijue, kwa sababu simu ya baba huwa ya kwanza kuishiwa na chaji.