Nafasi ya Kiswahili katika Ramani za Kibibliometriki za Utafiti wa Elimu: Mfano wa Mjadala wa Lugha ya Kufundishia Tanzania

Uchanganuzi wa kibibliometriki huchunguza machapisho kwa kuyahesabu badala ya kuyasoma moja baada ya jingine. Huuliza nani ameandika, ameandika pamoja na nani, ametumia maneno makuu yapi na amerejelea kazi zipi. Istilahi yenyewe ilipendekezwa kwa Kiingereza na Alan Pritchard mwaka 1969, ingawa Paul Otlet alikwisha kuitumia kwa Kifaransa mwaka 1934. Kilichoiwezesha mbinu hii kukua ni faharasa ya marejeleo ya kisayansi ambayo Eugene Garfield aliianza kuichapisha Philadelphia mwaka 1964. Leo programu kama VOSviewer, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Leiden, huchora ramani ya uwanja mzima kwa muda mfupi: kila neno kuu huwa nukta, ukubwa wa nukta huonyesha idadi ya matukio, na mistari huunganisha maneno yanayotokea pamoja. Kwa mtahiniwa anayetafuta pengo la utafiti, ramani ya namna hiyo huvutia sana. Swali linalopaswa kutangulia ni data zake zimetoka wapi.

Tafiti nyingi za aina hii huchota data kutoka Scopus au Web of Science. Miongoni mwa masharti ya jarida kuingizwa Scopus ni kuwa na vichwa vya makala na ikisiri kwa Kiingereza. Kwa hiyo, hata makala iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu tangu mwanzo hadi mwisho itatambulika humo kwanza kwa sura yake ya Kiingereza. Tasnifu na ripoti za wizara kwa kawaida hazimo kabisa. Mjadala wa lugha ya kufundishia Tanzania unaonyesha athari ya jambo hili. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, ulichapisha kitabu chake cha kwanza Dar es Salaam mwaka 2003, tena kwa Kiingereza. Ni kejeli iliyozoeleka kwamba sehemu kubwa ya hoja za kutetea Kiswahili darasani imeandikwa kwa lugha nyingine. Ramani inayotegemea faharasa za kimataifa huikuza kejeli hiyo, kwa kuwa waliotetea Kiswahili kwa Kiswahili hawaonekani, na msomaji huhitimisha kuwa hawakuwapo.

Tatizo haliishii kwenye uteuzi wa hifadhidata. Tuseme mtafiti amekusanya mwenyewe makala na tasnifu za Kiswahili na kuziingiza katika programu. Hapo umbo la lugha huanza kuleta matatizo. Mbinu za kupunguza maneno zilizoundwa kwa Kiingereza hukata mwisho wa neno, ilhali nomino za Kiswahili hubadilika mwanzoni. “Mwanafunzi” na “wanafunzi” huhesabiwa kuwa dhana mbili. “Mtaala”, “mitaala”, “mtalaa” na “mitalaa” huwa nne, kwa sababu ya wingi na kwa sababu waandishi hawajaafikiana kuhusu tahajia. Kwa upande mwingine, kuunganisha kila kinachofanana nako ni kosa: “mwalimu” na “walimu” ni dhana moja, lakini “ualimu” ni taaluma na inastahili nukta yake. Uamuzi huo hauwezi kuachiwa programu. Iwapo vichwa vya makala vinatumika badala ya maneno makuu, “ya”, “wa” na “katika” vitatawala ramani mpaka viondolewe kwa orodha iliyoandaliwa kwa mkono.

Visawe vina athari kubwa zaidi. Kwa kawaida VOSviewer huacha nje neno kuu lililotokea chini ya mara 5, mtumiaji asipobadilisha kizingiti hicho. Chukulia mkusanyo ambamo “lugha ya kufundishia” imetokea mara 4, “lugha ya kufunzia” mara 3 na “lugha ya kujifunzia” mara 2. Mada imejitokeza mara 9, lakini hakuna hata umbo moja litakalovuka kizingiti. Mada iliyojadiliwa kwa miongo kadhaa itakosekana, na pengo la utafiti “litagunduliwa” mahali ambapo halipo.

Uchanganuzi wa kazi zinazorejelewa pamoja, ulioendelezwa na Henry Small mwaka 1973, hutoa nafuu kiasi. Kazi isiyomo katika hifadhidata huweza kuonekana kupitia orodha za marejeleo za kazi zilizomo. Ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 kuhusu Kiingereza katika elimu ya Tanzania huweza kuibuka kwa njia hiyo. Hata hivyo, angalia yanayoupata waraka wa Nyerere wa 1967: wengine huurejelea kwa jina la Elimu ya Kujitegemea, wengine kwa jina lake la Kiingereza, na wengine kwa mwaka 1968 kwa kuwa waliusoma ndani ya mikusanyo ya maandishi yake. Waraka mmoja hugawanyika kuwa nukta tatu, na uzito wake hupungua kwenye ramani. Sera za serikali hupatwa na hali hiyo hiyo, kwani mwandishi wake huweza kuandikwa kuwa JMT, URT, Tanzania, au jina la wizara ambalo limebadilika mara kwa mara. Majina ya watu nayo yana utata wake: mwandishi mwenye majina matatu, yasiyo na jina la ukoo kwa maana ya Ulaya, huorodheshwa mara kwa jina la babu, mara kwa jina lake mwenyewe.

Dawa ipo, nayo ni ya kuchosha. VOSviewer hukubali faili ya visawe yenye safu mbili, moja ya umbo lililopatikana na nyingine ya umbo litakalochukua nafasi yake. Kwa data za Kiswahili, faili hiyo ndiyo utafiti wenyewe kuliko ramani inayotokana nayo, kwa sababu kila mstari wake ni hoja kuhusu maana. Inafaa kuambatishwa kizima katika tasnifu, pamoja na orodha ya majarida na maktaba zilizopekuliwa, miaka iliyohusishwa na maumbo yaliyokataliwa kuunganishwa. Mtahini akiwa na jedwali hilo anaweza kuuliza kwa nini “ualimu” uliachwa peke yake na “kufunzia” ikaunganishwa na “kufundishia”. Akiwa na ramani pekee, ataona rangi na duara tu.