Kabla Hujalipia Ruta, Angalia Haya

Uko kwa ploti Lurambi au Amalemba, na mmeamua kuchangia intaneti moja ya nyumba. Sawa kabisa. Lakini ruta ghali si lazima iwafae.

Anza na kifurushi. Mkilipia Mbps 10 na simu tano zicheze video kwa pamoja, kila moja itapata kama Mbps 2. Ruta haiongezi kasi, inagawa tu kile mmelipia.

Pili, angalia kuta. Mawimbi ya 2.4 GHz hupenya ukuta vizuri zaidi; ya 5 GHz yana kasi lakini hayafiki mbali. Chagua ruta yenye yote mawili, na uiweke katikati ya nyumba, si nyuma ya kabati.

Tatu, usalama. Iwe na ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ukishaiwasha, badilisha nywila mbili: ya Wi-Fi na ya kuingia kwa mipangilio. Mwizi akiingia kwa mipangilio anaweza kukupeleka kwa tovuti feki inayoomba PIN yako.

Mwisho, malipo. Ukiwa dukani, omba ruta iwashwe uone. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN; kama si la duka hilo, katisha. Muuzaji wa mtandaoni akitaka utume pesa kwanza kwa nambari yake binafsi, achana naye. SMS ya malipo usiifute, ndiyo risiti yako.

Na kumbuka: sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN.