Harusi Moja, Matangazo ya Msimu Mzima

Kutumia upya maudhui ya matangazo ni kuchukua picha, video au maelezo yaliyokwisha kutumika na kuyapa kazi nyingine, kwa mtazamaji mwingine au mahali pengine. Kwa biashara ndogo za harusi, yaani wapambaji, wapishi, waoka keki, washereheshaji na wakodishaji wa viti na magari, njia hii ina uzito wa pekee kwa sababu malighafi yenyewe haipatikani kila siku. Muuza nguo anaweza kupiga picha dukani kwake asubuhi yoyote. Mpambaji wa ukumbi hana cha kuonyesha mpaka Jumamosi ifike, na ikifika anabaki na dakika chache tu kati ya kubana kitambaa cha mwisho na wageni kuanza kuingia. Usiku huohuo kila kitu kinafunguliwa na kupakiwa kwenye Kirikuu, lile gari dogo la mizigo.

Kalenda nayo haimsaidii. Waislamu wengi huozesha kabla ya Ramadhani au baada ya Idi. Makanisa mengi hayafungishi ndoa za shamrashamra wakati wa Kwaresima. Desemba, wenyeji wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, harusi hufuatana hadi mpambaji mmoja anaombwa kuwa sehemu mbili siku moja. Kwa hiyo picha hupatikana kwa wingi wakati mwenye biashara hana hata nafasi ya kuziangalia, na hukosekana katika wiki zile tulivu ambazo maharusi wa msimu ujao wanaunda kamati na kuanza kutafuta watoa huduma. Kutumia upya ni namna ya kuziba pengo hilo.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kutumia upya ni kurudia. Picha ya meza kuu inawekwa Instagram ikiwa na pongezi kwa maharusi, kisha picha ileile na pongezi zilezile zinapelekwa Facebook, kwenye statasi ya WhatsApp na kwenye makundi matatu ya akina mama. Wanaoiona ni walewale, na mara ya tatu wanapita bila kusimama. Kinachopaswa kubadilika ni swali linalojibiwa na picha hiyo. Bibi harusi anataka kujua atapendezaje akiwa amekaa pale mbele. Mama yake anaangalia kama wazee wamepewa viti vya kueleweka na kama watu watapita kwenda kuchukua chakula bila kusukumana. Mwenyekiti wa kamati ana bajeti mkononi na anauliza kilichomo ndani ya bei. Meneja wa ukumbi ana wasiwasi na misumari kwenye kuta zake. Harusi ni moja, lakini hao wanne hawatazami kitu kimoja.

Chukua mfano wa mpambaji wa Dar es Salaam mwenye wasaidizi wawili, aliyepamba ukumbi wa watu 250 wenye dari la chini. Maelezo yake ya kwanza, yaliyoandikwa usiku wa manane, huwa na maneno kama “Jumamosi yetu ilikuwa moto, hongereni sana wapendwa.” Hayana kosa, ila baada ya siku mbili hayamsaidii mtu yeyote. Picha ileile inaweza kurudi wiki tatu baadaye ikiwa na maelezo mengine: “Dari hili liko chini, kwa hiyo hatukuning’iniza maua. Tulishusha vitambaa pembeni na kuinua jukwaa la maharusi kidogo, aliyekaa meza ya mwisho akawaona.” Sasa kila mwenye ukumbi wa dari la chini ana sababu ya kuisoma na kuihifadhi. Mara ya tatu picha hiyo inakatwa, unabaki upande mmoja wa meza ya wageni, na maelezo yanataja vilivyolipiwa: kitambaa cha meza, vifuniko vya viti, maua ya katikati, ufungaji na ufunguaji. Hiyo ni ya mwenyekiti.

Mwenyekiti huyu anastahili kufikiriwa zaidi ya anavyofikiriwa. Kwa desturi ya Tanzania, ambako harusi, sendofu na kicheni pati huendeshwa kwa michango na vikao, mtoa huduma mara nyingi huchaguliwa na watu ambao hawajawahi kufungua ukurasa wake. Kwenye kikao simu moja inazungushwa mezani, au faili linarushwa kwenye kundi la kamati. Kazi bora ya kutumia upya kwa mazingira haya ni faili la PDF la kurasa tatu au nne, lililotengenezwa kwa picha zilizokwisha kuchapishwa, likiwa na jina la biashara na namba ya simu kwenye kila ukurasa, maana mtu hurusha ukurasa mmoja tu na kuacha mingine. Video yenye mbwembwe haiwezi kufanya kazi hiyo.

Yote haya hutegemea kilichopigwa siku yenyewe, na hapo ndipo biashara nyingi huishiwa. Wanapiga ukumbi ukiwa umekamilika, basi. Kinachohitajika kwanza ni picha ya ukumbi mtupu, viti vya plastiki na kuta zake zikionekana kama zilivyo, kisha nyingine kutoka pembe ileile kazi ikiisha. Simu moja ikisimamishwa kona ya ukumbi tangu mwanzo wa ufungaji, saa nne za kazi zinageuka video ya kasi ya nusu dakika. Mikono ikikunja kitambaa, ngazi ikishikiliwa, maua yakilowekwa kwenye ndoo: vipande hivi vya sekunde chache ndivyo vinavyotoa matangazo ya wiki zisizo na harusi. Kila tukio muhimu lipigwe kwa wima na kwa ulalo, kwa sababu video fupi za Instagram na TikTok huonekana vizuri kwa uwiano wa 9:16, ilhali tovuti na YouTube ya kawaida hutaka ulalo. Picha za asili zitunzwe kwenye folda yenye tarehe, jina la ukumbi na rangi za sherehe. Kuzichukua tena kutoka kwenye mazungumzo ya WhatsApp ni kupokea zilizobanwa na kupungua ubora. Wanaotumiana wazitume kama faili.

Mahali pa kuweka huamua umri wa tangazo. Statasi ya WhatsApp na stori ya Instagram hutoweka baada ya saa 24, hivyo zinafaa kwa kinachoendelea leo. Stori nzuri huhifadhiwa juu ya ukurasa wa Instagram, na inapendeza zaidi zikipangwa kwa aina ya sherehe au ukubwa wa ukumbi kuliko kwa majina ya maharusi, ambayo mgeni hayajui. Katalogi ya WhatsApp Business na wasifu wa biashara kwenye Google hukaa muda mrefu zaidi. Ramani ya Google hasa hupuuzwa, wakati mtu wa Morogoro anayetafuta mpambaji wa karibu huanzia huko.

Chanzo kingine cha maudhui hakihitaji hata harusi, nacho ni maswali ya wateja. Mnafika Bagamoyo? Nauli ni juu ya nani? Maua hai au ya bandia? Mvua ikinyesha kwenye bustani inakuwaje? Jibu lililotolewa kwa sauti kwa mteja mmoja likiandikwa vizuri linakuwa jibu la haraka lililohifadhiwa kwenye simu, kisha tangazo fupi, kisha mstari kwenye lile faili la kamati.

Ruhusa haikwepeki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023 kamishna wa ulinzi wa data wa Kenya aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mstari mmoja kwenye mkataba, unaosema picha zitatumika wapi na kwa muda gani, unatosha kwa maharusi. Wageni na watoto ni bora wasionekane sura. Unguja, Pemba na mwambao wote kuna shughuli za wanawake ambazo kamera hairuhusiwi kabisa, na mpambaji mwenye adabu hupiga jukwaa, udi na sahani za maua kabla ya wageni kufika. Picha ya mpiga picha wa harusi iombwe kwake, jina lake litajwe, nembo yake isikatwe. Muziki nao una masharti: akaunti za biashara za TikTok na Instagram hazipati nyimbo zote zinazopatikana kwa akaunti binafsi, na video inaweza kunyamazishwa. Sauti ya mpambaji akieleza anachofanya haina tatizo hilo, na kwa kweli inauza zaidi ya wimbo.

Kupima matokeo hakuhitaji mitambo. Kila anayepiga simu aulizwe alikoiona biashara na picha gani ilimvutia, na jibu liandikwe kwenye daftari la oda. Idadi ya waliopenda hudanganya, kwa sababu wapambaji wengine pia hupenda. Kabla ya kila msimu maudhui ya zamani yapitiwe: bei zilizopitwa na wakati zifutwe, vifaa vilivyouzwa au kuharibika vitolewe kwenye katalogi, na rangi za mtindo uliopita zibaki tu pale maelezo yake yanapofundisha jambo la ukumbi au mpangilio. Faili la kamati lichapwe upya likiwa na mwezi na mwaka kwenye ukurasa wa kwanza, kwani nakala za zamani huendelea kuzunguka kwenye makundi, na kuna siku mteja ataleta bei ya miaka miwili iliyopita akitaka iheshimiwe.