Je, Wajua? Waliokuwa Studioni na Frank Sinatra

Machi 1953, kampuni ya santuri ya Capitol iliyokuwa Hollywood ilimpa mkataba mwimbaji ambaye wengi katika biashara ya muziki walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Frank Sinatra alikuwa na umri wa miaka 37. Kampuni ya Columbia, aliyoirekodia tangu 1943, ilikuwa imeachana naye, na wasichana waliokuwa wakizimia mbele ya jukwaa lake wakati wa vita walikuwa wameolewa na kutulia majumbani. Husimuliwa kwamba Alan Livingston, kiongozi wa Capitol aliyemsajili, alipowatangazia mawakala wa mauzo habari hiyo, ukumbi mzima uliguna.

Katika miaka minane iliyofuata, mtu huyohuyo alirekodi mlolongo wa albamu ambazo mpaka leo waimbaji wa jazi na wa muziki wa dansi huzisikiliza kama darasa. Kwenye majalada, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa ni lake. Lakini ukifuatilia jinsi kila albamu ilivyotengenezwa, unawakuta watu wengine chumbani, na kutowataja ni kuwanyima haki yao.

Je, wajua kwamba njia yake ya kurudi kileleni ilipitia Kenya?

Novemba 1952, mkewe, mwigizaji Ava Gardner, alikwenda Afrika Mashariki kuigiza katika filamu ya Mogambo, pamoja na Clark Gable na Grace Kelly, chini ya mwongozaji John Ford. Sinatra aliandamana naye. Mkewe ndiye aliyekuwa nyota. Yeye alikuwa mume asiye na kazi ya maana, anayeshinda kambini wenzake wakienda kupiga picha. Akiwa huko Kenya ikamfikia telegramu kutoka Hollywood: alikuwa amekubaliwa kufanyiwa majaribio ya nafasi ya askari Maggio katika filamu ya From Here to Eternity. Akapanda ndege hadi California, akafanya majaribio, kisha akarudi Kenya kusubiri jibu. Alipata nafasi hiyo kwa malipo ya dola 8,000, kiasi kidogo mno kwa mtu aliyewahi kuwa na jina kubwa namna ile. Machi 1954 akashinda Oscar ya mwigizaji bora msaidizi. Usiku huohuo Ava Gardner, aliyeteuliwa kwa kazi yake katika Mogambo, alikosa tuzo. Ndoa yao nayo ilikuwa imekwisha kuvunjika, ingawa talaka ilikuja baadaye, mwaka 1957. Tutairudia ndoa hiyo, kwa sababu wapenzi wengi wa Sinatra huisikia katika kila wimbo wake wa huzuni.

Je, wajua kwamba Nelson Riddle aliletwa kwanza kuiga kazi ya mtu mwingine?

Tarehe 30 Aprili 1953 Sinatra aliingia studio. Mpangaji muziki aliyekuwa akitakiwa ni Billy May, lakini May alikuwa safarini na bendi yake. Mpangaji muziki ndiye anayeamua kila ala ipige nini na inyamaze wapi. Mwimbaji akikosa mpangaji mzuri, sauti yake hubaki uchi. Basi akaletwa Riddle, kijana mkimya kutoka New Jersey, jimbo alikozaliwa Sinatra mwenyewe, aandike nyimbo mbili kwa mtindo wa May. Jina la May ndilo lililochapishwa kwenye santuri hizo. Nyimbo nyingine za usiku ule Riddle aliziandika kwa mtindo wake mwenyewe, na mmojawapo ni I've Got the World on a String. Sinatra alipousikia alijua kwamba amempata mtu wake. Kutoka hapo wawili hao walitengeneza pamoja sehemu kubwa ya kazi inayomfanya Sinatra akumbukwe.

Wote wawili walikuwa wamepita mikononi mwa bwana mmoja, kiongozi wa bendi Tommy Dorsey. Riddle alimpigia tromboni. Sinatra alimwimbia kuanzia 1940 hadi 1942. Jukwaani Sinatra alikuwa akimtazama Dorsey mgongoni wakati akipuliza, akijaribu kugundua anavuta pumzi saa ngapi, na hakuona. Dorsey aliiba hewa kwa pembe ya mdomo bila kukata sauti. Sinatra akaanza kuogelea na kukimbia ili atanue mapafu. Matokeo yake unayasikia katika albamu za Capitol: anaunganisha mstari na mstari palepale ambapo mwimbaji mwingine angevuta hewa, na maneno yanakuja kama mtu anayezungumza nawe.

Je, wajua kwamba ufundi wa santuri ndio uliozaa albamu yenye hadithi moja?

Santuri za zamani, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu kila upande, yaani wimbo mmoja tu. Albamu ilikuwa kitabu kweli: santuri kadhaa ndani ya mifuko iliyoshonwa pamoja. Albamu ya kwanza ya Sinatra, The Voice of Frank Sinatra ya 1946, ilikuwa santuri nne zenye nyimbo nane. Mwaka 1948 Columbia ilipozindua santuri ndefu, zenye kuzunguka mara 33 na theluthi moja, albamu hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza za muziki wa kupendwa kutolewa upya kwa umbo hilo.

Wengi waliichukulia santuri ndefu kama kapu la kujazia nyimbo zozote. Sinatra aliiona kwa jicho jingine. Alikaa na orodha yake, akachagua nyimbo zinazofanana kwa hali ya moyo, akazipanga ipi itangulie na ipi ifuate, ndipo akamwita Riddle wakae kwenye piano waamue kila wimbo utakavyokwenda. In the Wee Small Hours, iliyotoka Aprili 1955, ina nyimbo 16, na zote ni za mtu aliyeachwa asiyepata usingizi. Hakuna hata mmoja wa kumchangamsha msikilizaji katikati. Ilikuwa hatari kibiashara, na ndiyo maana naiheshimu kuliko albamu nyingi zilizouza zaidi.

Mwaka uliofuata akageuka kabisa. Songs for Swingin' Lovers! ni furaha tupu, na Julai 1956, gazeti la Record Mirror lilipochapisha orodha ya kwanza ya albamu zinazouzwa zaidi Uingereza, hiyo ndiyo iliyoongoza.

Je, wajua kwamba wimbo uliovuma kuliko zote katika albamu hiyo ulimaliziwa ndani ya gari?

I've Got You Under My Skin ni utunzi wa Cole Porter wa mwaka 1936. Haukuwa katika mpango wa kwanza. Usiku, Riddle akiwa nyumbani, aliletewa ujumbe kwamba nyimbo zaidi zinahitajika kujaza santuri ya inchi 12, na kikao kilikuwa kimekaribia. Akaandika mpaka muda ukamwishia. Mkewe akashika usukani, naye akamalizia noti zilizobaki akiwa kiti cha nyuma, njiani kuelekea studio za KHJ, Hollywood. Ilikuwa tarehe 12 Januari 1956.

Kilichompa shida kilikuwa katikati ya wimbo, pale mwimbaji anaponyamaza na okestra inapanda. Riddle alikuwa akiufikiria muziki wa Bolero wa Mfaransa Maurice Ravel, unaoanza chinichini na kuongezeka taratibu mpaka ukafurika. Akamwomba ushauri George Roberts, mpiga tromboni ya besi. Roberts akamwelekeza kwenye mtindo wa tromboni zinazojibizana katika kipande kimoja cha bendi ya Stan Kenton, ambacho jina lake ni nyuzi za latitudo na longitudo za mji wa Havana. Riddle aliuchukua mzunguko ule wa Kikuba, akauweka chini ya wimbo wa Hollywood, na ukakaa kana kwamba ulizaliwa hapo.

Wanamuziki walipoupiga mara ya kwanza kwa majaribio, walisimama wakampigia Riddle makofi. Si jambo la kawaida. Hawa walikuwa watu wa kulipwa kwa saa, waliokuwa wamesikia kila kitu.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Okestra nzima ilipiga na Sinatra akaimba kwa wakati uleule, chumba kimoja. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Inasemekana walirudia mara 22. Fikiria hali ya Milt Bernhart, mpiga tromboni aliyepewa nafasi ya kupiga peke yake pale kileleni. Kila mara alikuwa akitoa alichonacho, na kila mara wakaambiwa tena. Kwa masimulizi yake mwenyewe, ilipofika mwishoni Sinatra alimwomba asogee karibu na kipaza sauti fulani. Akajibu kwamba kiko juu mno. Sinatra akaenda mwenyewe akaleta sanduku, Bernhart akapanda juu yake, na mara hiyo ndiyo tunayoisikia mpaka leo. Usikilize tena wimbo huo na ungojee tromboni ile: ni sauti ya mtu aliyechoka hadi ukomo, na bado anapuliza kama ndiyo kwanza anaanza.

Je, wajua kwamba katika jalada la kwanza la Songs for Swingin' Lovers! Sinatra amewapa kisogo wapenzi wawili waliochorwa pembeni yake? Toleo la baadaye likamgeuza akawaelekea.

Na jalada la Come Fly with Me, ya 1958, lina ndege za kampuni ya TWA nyuma ya Sinatra. George Martin, ambaye baadaye alitayarisha muziki wa The Beatles, alihudhuria kikao kimoja cha kurekodi albamu hiyo na aliandika kwamba Sinatra alikasirishwa na jalada, akiona limekuwa tangazo la shirika la ndege. Uingereza nayo ilikuwa na malalamiko yake: familia ya mshairi Rudyard Kipling haikupenda Sinatra alivyolichezea shairi lake katika On the Road to Mandalay, na wimbo huo ukaondolewa katika santuri zilizouzwa huko.

Je, wajua kwamba mtu wa kwanza kurekodi katika jengo la Capitol alikuwa Sinatra, lakini hakuimba?

Jengo hilo la mviringo, lenye ghorofa 13, lilifunguliwa mwaka 1956, na taa iliyo juu ya mnara wake huwaka na kuzima ikiandika Hollywood kwa alama za Morse. Februari mwaka huo, Sinatra aliiongoza okestra humo kwa fimbo, kurekodi Tone Poems of Color, mkusanyiko wa vipande vilivyotungwa kwa kufuata mashairi kuhusu rangi. Hakuwa msomaji mzuri wa noti. Aliongoza kwa sikio, na wanamuziki walimfuata kwa kuwa walijua kwamba anasikia.

Mmoja wao alikuwa Felix Slatkin, mpiga fidla aliyeongoza nyuzi katika rekodi zake nyingi. Mkewe, Eleanor, alipiga selo. Wawili hao walikuwa nguzo ya Hollywood String Quartet, kundi la watu wanne lililosifika kwa Beethoven na Schubert, na mwaka 1956 Sinatra alirekodi nao Close to You, akiimba juu ya fidla mbili, viola na selo na ala chache za nyongeza. Haikuuzwa kama zile za kuchezeka. Ni hasara kwa waliopitwa nayo. Mtoto wa Slatkin, Leonard, alikuja kuwa kiongozi mashuhuri wa okestra.

Je, wajua kwamba tuzo pekee aliyopata Sinatra katika Grammy za kwanza kabisa haikuwa ya kuimba?

Albamu ni Frank Sinatra Sings for Only the Lonely, ya 1958, na kwangu hakuna iliyoipita. Watu husema ni kilio cha kumlilia Ava Gardner. Huenda. Lakini huzuni iliyo katika okestra ni ya Riddle. Mwaka ule alikuwa amemzika binti yake mchanga wa miezi sita, na mama yake alikuwa mgonjwa asiye na matumaini ya kupona. Aliandika muziki wa kina cha ajabu, fidla na vyombo vya kupuliza vikiingia polepole, bila kuharakisha kumfariji mtu. Vikao kadhaa hakuwepo kwa sababu ya safari za kikazi na mwimbaji Nat King Cole, na Slatkin akaishika fimbo mahali pake. Walijaribu pia Lush Life, utunzi mgumu wa Billy Strayhorn, Sinatra akauacha njiani na hakuurudia. Katika One for My Baby, aliyebeba wimbo karibu mwanzo hadi mwisho ni mpiga piano Bill Miller, na anapiga kama mtu aliye baa nyingine, mtaa wa pili.

Jaladani Sinatra amechorwa na uso wa chale mwenye majonzi. Tuzo za Grammy zilipotolewa kwa mara ya kwanza, Mei 1959, albamu bora ya mwaka ilikuwa ya Henry Mancini. Sinatra akapewa ya jalada bora, kama msimamizi wa sanaa. Miezi michache baadaye, katika Grammy za pili, Come Dance with Me! ikampa albamu bora ya mwaka, kazi iliyopangwa na Billy May.

Je, wajua kwamba alipoondoka Capitol alimwacha Riddle nyuma?

Mwaka 1960 Sinatra alianzisha kampuni yake, Reprise. Riddle alifungwa na mkataba wa Capitol, hakuweza kumfuata. Albamu za kwanza za Reprise zikapangwa na wengine, akiwemo Johnny Mandel. Sinatra mwenyewe bado alidaiwa albamu na Capitol. Ya mwisho, Point of No Return, aliirekodi Septemba 1961 na Axel Stordahl, yuleyule aliyempangia santuri zake za miaka ya 1940 na kikao chake cha kwanza kabisa Capitol. Stordahl alikuwa mgonjwa wa saratani, na alifariki mwaka 1963.

Mwaka huohuo wa 1963 Riddle alikuwa amerudi kwa Sinatra. Albamu waliyoifanya pamoja inaitwa The Concert Sinatra. Kwa kuwa studio za kawaida zilikuwa ndogo mno, waliwaketisha wanamuziki zaidi ya 70 katika ukumbi wa kupigia filamu wa studio za Goldwyn, wakairekodi kwa mikanda ya filamu ya milimita 35.